Sentimita 62 Zilizopotea

Kazi yangu ya kwanza katika ofisi ile ya wasanifu majengo ilikuwa kushika mwisho wa tepu. Mwingine alisoma namba, mimi nilibana ncha ya tepu kwenye kona na kunyamaza.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye watu wanne: mzee mwenye ofisi, dada mmoja msanifu aliyekuwa mkono wake wa kulia, kaka mchoraji aliyeanza kazi enzi za ubao na wino, na mimi, niliyetoka chuoni na mkoba uliojaa michoro ya majumba ya makumbusho ambayo hakuna mtu angeyajenga. Kwenye ofisi ndogo hakuna idara ya kukuficha. Unapokea simu, unakunja michoro, unaitukana kimoyomoyo mashine ya kuchapa inapokwama katikati ya karatasi ya A1, na ukibahatika unatoka kwenda saiti.

Nilibahatika mapema. Mteja alikuwa amenunua jengo la zamani la ghorofa moja, akataka vyumba viwili kati ya vitatu vya chini viunganishwe viwe ukumbi wa mafunzo. Ramani za awali hazikuwepo. Majengo ya umri ule ndivyo yalivyo: waliojenga wameshaondoka, na waliorekebisha baadaye hawakuona haja ya kuandika. Kwa hiyo kabla ya yeyote kubuni chochote, ilibidi jengo lipimwe na kuchorwa kama lilivyo.

Nilikwenda na kaka. Tulipomaliza pande nne za chumba cha kwanza nilidhani tunahamia cha pili, lakini akanirudisha kwenye kona. "Bado ulalo."

Aliniuliza kama nimewahi kupigilia vijiti vinne kuwa fremu. Fremu ya namna hiyo ukiisukuma inalala upande wowote, ingawa urefu wa vijiti haujabadilika. Ongeza kijiti cha tano kutoka kona hadi kona, haitikisiki tena. Chumba nacho, alisema, ukikipima pande nne tu hujakipima, umeviorodhesha vijiti vyake. Nilikuwa nimesoma hesabu za pembetatu kwa miaka mingi na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba zina kazi hii. Tukapima ulalo wa kila chumba, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na kona nne za nyuzi 90.

Jambo la pili lilikuwa kutohamisha tepu. Unaibana sifuri kwenye kona moja, unaivuta hadi mwisho wa ukuta, kisha unasoma kila kitu kwenye mstari huohuo: mlango unaanza 0.86, unaishia 1.76, dirisha linaanza 2.31. Ukipima kipande kimoja kimoja, kila unapoinua tepu unaongeza milimita mbili tatu za uongo, na uongo huo hujumlishana hadi ukuta mzima unahama.

La tatu lilikuwa amri. Usichokipima usikiandike, weka alama ya kuuliza. Unene wa ukuta, kwa mfano, unausoma kwenye uwazi wa mlango au dirisha, ambapo ukuta umekatwa na unaonekana wote. Ukuta usio na uwazi hausomeki. Ukuta kati ya chumba cha kati na cha mwisho haukuwa na mlango, maana vyumba vyote viwili viliingiliwa kutoka kwenye korido. Nikaweka alama ya kuuliza hapo, kubwa, kwa penseli nyekundu. Ndio huohuo ukuta ambao mteja alitaka uvunjwe.

Tuliporudi ofisini nikakaa kwenye kompyuta kujumlisha. Nje, jengo lilikuwa na urefu wa mita 12.60. Ndani, vyumba vitatu vilikuwa 3.68, 4.02 na 3.48, jumla mita 11.18. Kuta mbili za nje sentimita 25 kila moja, ukuta wa ndani wenye mlango sentimita 15, na ule wa alama ya kuuliza nikaupa 15 za muda, kwa kuwa programu haichori alama ya kuuliza. Jumla 11.98. Nikarudia kwa mkono, kisha kwa kikokotoo. Zilikosekana sentimita 62.

Kwenye mchoro wa skeli ya 1:50, sentimita 62 ni milimita 12.4. Upana wa kidole. Ukiitazama karatasi ya A1 kwa mbali unaona kosa dogo, na kuna njia ya zamani ya kulitibu kosa dogo: unalisambaza. Chumba hiki unakipa kidogo, kile kidogo, ukuta wa nje unanenepa, na mchoro unafunga vizuri. Kaka aliniambia amefanya kazi sehemu ambako hiyo ndiyo ilikuwa desturi. Hakulisema kwa kulaani, ingawa aliliambia dirisha badala ya kuniambia mimi.

Dada alisogeza kiti, akatazama mchoro, halafu picha nilizopiga. Akasimama kwenye picha ya dari ya chumba cha kati. Lipu ya dari ilikuwa na tuta refu lililonyooka, ambalo mimi nilikuwa nimelipiga picha kwa sababu tu lilikuwa baya. Akafungua picha ya dari ya chumba cha mwisho. Tuta lilelile, kwenye mstari uleule.

"Hii ni boriti," akasema. "Sasa niambie, inakaa juu ya nini?"

Urefu wa vyumba viwili pamoja ulikuwa zaidi ya mita saba na nusu, na boriti yenyewe haikuwa nene kiasi cha kuvuka urefu huo bila kushikwa katikati. Chuoni nilichora paa zinazoelea, na walimu wakazisifu. Sikumbuki hata mmoja aliyeuliza swali hilo.

Mzee alisikiliza kutoka kwenye meza yake bila kuinua kichwa, kisha akachukua tepu na ufunguo wa gari. Sikujua kama nimefurahishwa au nimetukanwa. Kumbe alikuwa hakubali namba yoyote ya kubomolea ambayo hakuisoma kwa macho yake, ya kwangu au ya mtu mwingine yeyote. Akapima upya urefu wa nje, vyumba vitatu, unene wa kuta. Mimi nikashika ncha. Tulitofautiana milimita sita.

Kisha akagonga ukuta. Karibu na madirisha ulilia kama ngoma, katikati ukagoma kulia, halafu ukalia tena. Fundi akatoboa matundu mawili na kumulika. Ndani hapakuwa na ukuta mmoja. Palikuwa na kuta mbili nyembamba za matofali zenye nafasi tupu baina yake, na katika nafasi hiyo bomba la maji machafu lisilotumika tena, mabaki ya mbao yaliyoonekana kama rafu za kabati, na nguzo ya zege ya sentimita 30 kwa 30. Bila shaka kuna mtu aliyechoshwa na kuiona ile nguzo na bomba lake, akaamua kuvifunika. Kama mapambo, alifanya kazi safi.

Mhandisi wa miundo alipoitwa hakuchukua muda mrefu. Matofali yangeweza kuondoka, bomba nalo, lakini nguzo ilikuwa imebeba boriti na sehemu ya sakafu ya juu. Kuiondoa kungehitaji boriti ya chuma, nguzo mpya mbili na misingi yake, na gharama hiyo mteja alipotajiwa alikaa kimya kwenye simu kiasi kwamba dada aliuliza kama bado yupo. Hakufurahi. Alitaka ukumbi mweupe usio na kitu katikati, na sisi tulikuwa tumemletea nguzo.

Ukumbi ulipata sentimita 62 zaidi ya alizotarajia, na nguzo ikazungushiwa meza ya mwalimu. Wazo la meza lilikuwa la dada. Mimi nilikuwa nimependekeza kioo kutoka sakafuni hadi darini, na mzee akauliza nani atakifuta.

Jumatatu iliyofuata nilipewa jedwali la milango la mradi mwingine: namba ya mlango, upana, urefu, unafunguka upande gani, kitasa gani. Safu baada ya safu. Nilipolikabidhi, kaka alilipitia na kalamu nyekundu, akaniuliza kama milango yote hiyo nimeipima au nimeinakili.

"Jengo halijajengwa bado," nikamwambia.

"Basi pima kwenye mchoro."