Chumvi ya Bibi

Nilipokuwa kidato cha pili mjini Kigoma, mwalimu wetu wa jiografia alituagiza kila mmoja alete madini yoyote atakayoyapata, nami, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na kitu king'aacho, nikamwomba Bibi gao moja la chumvi ya mawe iliyotoka Uvinza. Darasa zima lilinicheka. Mwenzangu mmoja alikuwa na kijiwe cha kijani kilicholainishwa na mawimbi ya Ziwa Tanganyika, kizuri hata nikatamani tubadilishane.

Mwalimu alianza na hicho cha kijani, akasema ni kioo cha chupa tu: kimetengenezwa na watu, tena chembe zake za ndani zimekaa ovyo, ilhali chembe za madini hujipanga kwa mpangilio mmoja unaojirudia. Makaa ya mawe nayo aliyakataa, kwa sababu yametokana na mimea ya kale na hayana kanuni moja ya kikemia. Niliusukuma mfuko wangu chini ya dawati, lakini alikwisha kuuona.

Aliimwaga chumvi juu ya karatasi, akatupatia lenzi, na kwa mara ya kwanza maishani nikaona kwamba punje za chumvi ni vijisanduku vyenye pembe mraba. Alieleza kwamba umbo hilo linatokana na sodiamu na klorini kupangana kwa zamu, pande zote, ndiyo maana hata ukiipasua punje hupata tena vijisanduku. Nilianza kutabasamu, ndipo akauliza chumvi ile ilipatikanaje. Nilijibu kwamba Uvinza maji ya chemchemi za chumvi huchemshwa mpaka yakakauka, kama watu walivyofanya huko kwa zaidi ya miaka elfu moja.

"Basi imepikwa," alisema, "na madini hayapikwi na mtu." Iliyojikaukia yenyewe juu ya mawe ingekubaliwa, kama vile barafu ya kilele cha Kilimanjaro ilivyo madini na ya friji isivyo. Sharti hilo naliona la ubahili hadi leo, kwa maana chini ya lenzi chumvi hizo mbili hazina tofauti.

Jioni nilimsimulia Bibi, naye, bila kuacha kupaka migebuka chumvi, akaniuliza kama mwalimu huyo kwake hula mchuzi wa chukuchuku.