Nilivyojifunza kubadilisha rili bila mtu kujua

Wengi wa rika langu waliokulia Tanga wanaikumbuka sinema kutokea kitini. Mimi naikumbuka kutokea chumba cha mashine, nyuma kabisa ya balkoni, ambako kwa miaka kadhaa kila picha niliitazama kupitia kijidirisha cha kioo, joto likinichoma shingo na mashine ikinguruma ubavuni. Nimesikia simulizi nyingi za majumba ya sinema ya mikoani. Watu hutaja steringi, nyimbo za Kihindi, foleni za sikukuu, bisi na karanga. Opereta, yaani mwendesha mashine, hatajwi. Naandika haya kwa ajili yake, nieleze kazi yenyewe na namna nilivyoiweza.

Sikuanza na mashine, nilianza na baiskeli. Ilikuwa mwaka 1976 na nilikuwa bado mwanafunzi. Picha ya Kihindi iliyokuwa inasubiriwa kwa hamu ilifika kutoka Dar es Salaam ndani ya sanduku la chuma, nakala moja tu, na majumba mawili ya mjini yakaitaka siku ileile. Suluhisho lake lilikuwa kupishana. Jumba la kwanza lilianza saa tisa alasiri, la pili dakika arobaini na tano baadaye, na katikati yao alikuwapo kijana wa baiskeli. Rili ya kwanza, yaani gurudumu la kwanza la filamu, ikiisha inarudishwa nyuma upesi kwa mkono, inatiwa kwenye kopo, kijana anaondoka mbio.

Hesabu ilikuwa hivi. Filamu ya milimita 35 hupita kwenye mashine fremu 24 kila sekunde, ambayo ni futi 90 kwa dakika. Rili ya futi 2,000 ikijaa kabisa inakupa dakika ishirini na kidogo, na mara nyingi haikujaa. Kwa hiyo picha ya saa tatu ni rili tisa au kumi, na kijana wa baiskeli hapati nafasi ya kunywa maji mpaka mwisho. Mechi ikiwapo uwanja wa Mkwakwani, ya Coastal Union au African Sports, njia ya kawaida ilikuwa haipitiki. Ilibidi nizungukie vichochoro vya Ngamiani, kopo limefungwa kwa mpira kwenye keria, nikipiga kengele tangu mwanzo wa barabara. Wachuuzi walikwishanijua. Wakiona kopo walisogeza meza zao wenyewe.

Nikichelewa, pazia linabaki jeupe na ukumbi unawaka kwa miluzi na miguu. Opereta alikuwa na akiba ya dharura: slaidi za vioo zenye matangazo ya maduka, trela ya picha ijayo, au kipande cha picha ya habari cha zamani. Ilisaidia dakika chache. Watoto wa thadi klasi, kwenye mabenchi ya mbele, ndio waliokuwa wa kwanza kuchoka, nao hawakunyamazishwa na tangazo la sabuni. Siku za Idi ilikuwa balaa zaidi, kwa kuwa kila mtoto alikuja na pesa zake za sikukuu, jumba limejaa hadi kwenye ngazi, na nje walanguzi wanauza tiketi kwa bei wanayotaka. Nilijifunza kwenye ile baiskeli kwamba watu mia kadhaa wanaweza kuwa wanakungojea bila kujua kwamba upo.

Baada ya kumaliza shule, mwaka ambao vita vya Kagera vilikwisha, nilimwomba opereta wetu anichukue kama msaidizi. Alikuwa mtu mzima, amefanya kazi hiyo tangu enzi ya mkoloni, na alibaki kwenye chumba kilekile hata baada ya mwaka 1971, pale majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalipotaifishwa na kuwa chini ya Msajili wa Majumba. Wenye jumba walibadilika, yeye akaendelea kupanda ngazi zilezile kila alasiri. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," nikaeleza shida yangu. Akaitikia marahaba, akanitazama mikono kwanza.

"Ukucha wako mrefu," alisema. "Kata, kisha urudi kesho."

Kwa muda mrefu alinipa kazi moja tu: kurudisha rili nyuma. Nilidhani ni ya kupitishia wakati, kumbe ndipo elimu yote ilipo. Unazungusha kwa mkono wa kulia, na kwa vidole vya mkono wa kushoto, umevaa glavu ya pamba, unashika kingo mbili za filamu kwa wepesi. Hutazami, unasikiliza kwa vidole. Kila fremu ina matundu manne kila upande, na tundu lililochanika linakwaruza. Ukilihisi unasimama, unalitazama mbele ya taa, unaamua kama linaweza kubeba au linahitaji kukatwa. Tundu moja lililopuuzwa leo linaikata picha kesho, tena aghalabu katikati ya wimbo.

"Mwanangu," aliniambia mzee wangu, "filamu ishike ukingo. Uso wake si wako, ni wa watazamaji."

Kisha nikafika kwenye taa. Vijana wa sasa hudhani mwanga ulitoka kwenye balbu. Mashine zetu zilitumia vijiti viwili vya kaboni, chanya na hasi, vikipewa umeme wa mkondo mnyoofu. Unavigusanisha, unavitenganisha kidogo, na kwenye ule mwanya unazaliwa mwali mweupe ambao macho matupu hayapaswi kuutazama. Kuna kioo cheusi cha kuuchungulia. Nyuma ya mwali kipo kioo cha kuakisi kinachousukuma mwanga mbele kupitia filamu na lenzi. Tatizo ni kwamba vijiti vinaungua na mwanya unapanuka, hivyo lazima uvisogeze kwa vifundo. Ukizembea, mwanga unatetemeka kisha unazimika. Usipoviweka sawasawa, uso wa steringi unageuka kahawia upande mmoja. Moshi unapanda kwenye bomba lililotoboa paa. Kwa joto la Tanga la Februari, chumba kile kilikuwa adhabu, na nilikipenda.

Kilele cha kazi ni kubadilisha rili. Mashine ni mbili, kushoto na kulia. Wakati ya kushoto inakaribia mwisho, ya kulia imekwisha kuvishwa filamu, kaboni zake zinawaka, kifuniko kimefungwa. Kwenye pembe ya juu kulia ya picha vinatokea vidoa vya duara kwa muda mfupi mno, fremu nne tu. Hapo unawasha mota ya mashine ya pili. Sekunde saba au nane baadaye vinatokea vidoa vya pili: unafunga hii na kufungua ile, mwanga na sauti kwa pamoja. Ukifanya vizuri, anayetazama haoni chochote. Mtu anafungua mlango kwenye rili ya tatu na kuingia chumbani kwenye rili ya nne.

Maelezo ni mepesi, kuyatenda ni shughuli nyingine. Fremu nne ni sehemu ya sita ya sekunde, na picha nyingi tulizopokea zilikuwa zimepita miji mingi kabla yetu, mwisho wa kila rili umekwaruzwa na kukatwa mpaka vidoa vimepotea. Waendeshaji wengine walikwangua alama zao wenyewe kwa msumari, msalaba mkubwa pembeni ambao hata mtoto wa benchi la mbele aliuona. Mzee wangu alikataa kabisa. Kwake alama kama hiyo ilikuwa uchafu kwenye kitu cha watu.

Nilichofanya ni kuacha kutegemea vidoa. Nilinunua daftari la shule, na kila picha mpya ilipofika niliitazama onyesho la kwanza nikiwa nimekaa kwenye kigoda karibu na kijidirisha, nikiandika maneno ya mwisho na tendo la mwisho la kila rili: mama anaweka sinia chini, gari jeusi linakata kona, mwimbaji anageuka mara ya pili. Kihindi sikukijua, lakini sauti ya sentensi ya mwisho naweza kuikariri. Onyesho la pili nilisimama nyuma ya mzee nikihesabu kimya kimya. La tatu alisogea pembeni bila kusema neno. Kwa njia hiyo nikaiweza, picha moja baada ya nyingine, mpaka ikawa naweza kunywa chai, nikasikia sentensi fulani, mkono ukaenda wenyewe kwenye swichi. Ninachokumbuka kwa furaha kuliko vyote ni usiku ambao mzee alishuka kukaa balkoni katikati ya familia za Jumapili zilizovaa nguo zao bora, akatazama picha nzima, na aliporudi juu akaniuliza, "Leo ulibadilisha rili ngapi?"

Miaka iliyofuata ilitufundisha mengine. Fedha za kigeni zilikauka nchi nzima. Picha mpya zilizokuja kupitia Tanzania Film Company, shirika la umma lililosambaza picha, zilipungua. Zilizokuwapo zilizungushwa mikoani hadi zikachakaa. Kaboni zikawa adimu. Tuliacha kutupa vipande vilivyobaki vifupi. Tulivichonga ncha, tukaviunga viwili viwili kwa kijibomba chembamba cha shaba, na kuviangalia kwa makini vinapofika kwenye kiungo, kwa sababu hapo mwali unayumba. Gundi ya filamu ilipokosekana tuliunga kwa utepe wa plastiki, kisha tukatoboa matundu moja moja kwa wembe ili meno ya mashine yapite.

Kiungo kina siri yake. Kwenye filamu, sauti haikai ubavuni mwa picha yake. Imetangulia kwa takriban fremu 20, kwa kuwa kichwa cha kusomea sauti kiko chini ya dirisha la picha. Kwa hiyo kiungo kikipita, picha inaruka kwanza, na karibu sekunde nzima baadaye sauti inapiga kofi. Ukijua hilo unachagua pa kukata. Mimi nilikata mahali ambapo sekunde inayofuata haina wimbo wala maneno, hata kama ingenilazimu kupoteza fremu kadhaa zaidi za mtu anayetembea tu. Watazamaji wa Tanga walisamehe hatua mbili za polisi. Wimbo walioukariri, hawakusamehe hata neno.

Nakala zilipotoka kwetu zilipanda hadi Moshi. Tulizoea kuacha kijikaratasi ndani ya kopo: rili ya nne mwanzoni matundu dhaifu, rili ya saba imeungwa mara tatu, ivishe polepole kwenye mashine. Karatasi zilirudi na majibu kwenye makopo mengine. Nilipopata likizo nikasafiri kwa treni hadi Moshi kumtembelea opereta ambaye mwandiko wake niliujua vizuri kuliko mwandiko wa ndugu zangu. Alinipokea mlangoni pa chumba cha mashine, akaniachia rili nzima niiendeshe, akashuka kwenda kuvuta sigara. Heshima hiyo naithamini hadi leo. Tangu hapo kila mji niliofika nilitafuta kwanza jumba lake la sinema. Unguja nilikwenda Majestic, pale Vuga, lililojengwa mwaka 1955 mahali palipokuwa na Royal ya mwaka 1921 iliyoungua. Nilikaa viti vya nyuma, chini ya kijidirisha, ili niisikie mashine. Ukisikia sauti yake imetulia unajua mwenzako yuko macho.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mikanda ya video ilikwisha kuenea. Vibanda vilionyesha picha ambazo sisi hatungezipata hata kwa mwaka, kwa bei ndogo, karibu na nyumbani. Sikuwalaumu waliokwenda huko; watu walifuata picha mpya, nasi tulikuwa na zilezile. Coastal Union ilipochukua ubingwa mwaka 1988 mji mzima ulikuwa barabarani kwa shangwe, na onyesho letu la usiku lilikuwa na watu wachache mno. Baadaye jumba likafungwa, mabenchi yakauzwa, mimi nikaingia kwenye ufundi wa umeme, kazi iliyonisomeshea watoto.

Juzi binti yangu alinipeleka kwenye sinema ya kisasa Dar es Salaam. Picha inatoka kwenye diski, haina mkwaruzo wala kiungo, na naisifu kwa dhati: ingekuwapo wakati ule ningeipokea kwa mikono miwili. Lakini katikati ya onyesho sauti ya upande wa kushoto ilikatika. Hakuna aliyepiga mluzi. Nilingoja nikitazama kijidirisha cha nyuma, sikuona kivuli cha mtu. Binti yangu akaninong'oneza, "Baba, kaa tu." Nikamwambia anisamehe, nikainuka, nikatoka nje hadi kwa kijana anayeuza bisi na kumwambia ni spika ipi, na tangu dakika ipi. Akapiga simu mahali. Sauti ilirudi kabla sijafika kitini.