Mama Abigail, hatifungani na mzee aliyependa mashamba

Ukiuliza uchumi wa Marekani ulianzaje, watu watakupeleka moja kwa moja kwa Alexander Hamilton, waziri wa fedha wa kwanza wa nchi hiyo, na ripoti zake. Sawa, ripoti zina mambo, ila mimi nasema anza na barua za mke na mume. Naongelea Abigail Adams na mumewe John, yule aliyekuja kuwa rais wa pili. Hawa wawili waliandikiana barua zaidi ya 1,100, ziko Boston kwenye Jumuiya ya Historia ya Massachusetts na zimewekwa mtandaoni bure kabisa, bando lako tu. Wengi wanazisoma kwa ajili ya mapenzi, au kwa ile ya Machi 1776 mama anamwambia mzee msitusahau wanawake mnapotunga sheria zenu. Mimi nilizisoma kwa jicho la hela, na kwa jicho hilo mama alimwacha mzee mbali.

Mazingira yenyewe yako hivi. Kuanzia 1774 John hakai nyumbani, yuko Philadelphia kwenye Kongresi, baraza la wajumbe wa makoloni, halafu kuanzia 1778 anatumwa Ulaya, na Abigail kaachwa kwao Braintree, Massachusetts, na shamba, watoto wanne, vibarua wa kulipa na bei zisizokamatika. Kongresi haikuwa na mamlaka ya kutoza kodi ila vita ya uhuru dhidi ya Uingereza ilitakiwa iendelee, kwahiyo wakaanza kuchapa noti 1775, wakachapa, wakachapa, hadi kufika mwisho wa 1779 walishatoa noti za zaidi ya dola milioni 200, na Machi 1780 Kongresi yenyewe ikakubali kwa maandishi kwamba dola 40 za makaratasi ni sawa na dola moja ya sarafu ya fedha. Hiyo ni serikali inakiri, sokoni hali ilikuwa mbaya zaidi.

Sasa takwimu hizo utazikuta popote, lakini Abigail anakuletea hadi mezani. Juni 1775 anamwandikia mumewe, ambaye yuko bize kutafuta nani aongoze jeshi, kwamba tafadhali mtume mtu aninunulie pini. Pini za kushonea jamani! Za shilingi saba na peni sita zimefika shilingi 20, na hata ukiwa na hizo 20 hazipatikani. Pini zilikuwa zinatoka Uingereza, biashara na Uingereza imekatika, basi. Sentensi moja ya mama wa nyumbani na umeshaelewa nchi ile ilikuwa inategemea nini kutoka nje.

Halafu kuna barua ya mwisho wa Julai 1777, hii naipenda kupita zote. Boston hakuna kahawa wala sukari, na watu wanajua kabisa kwamba mzigo upo ila walanguzi wameuficha stoo wanasubiri bei ipae. Kuna mfanyabiashara mmoja, Abigail anamwelezea kuwa ni tajiri, bahili na tena kapera (hapo kwenye ukapera sijui mama alikuwa na lake jambo), ana pipa kubwa la kahawa na anagoma kuiuza chini ya shilingi sita kwa ratili. Basi wakajikusanya wanawake, mia au zaidi, na mikokoteni yao, wakaenda hadi ghalani wakadai funguo. Akakataa. Mmoja akamkwida shingoni akamtupa ndani ya mkokoteni, jamaa alipoona hapa hakuna huruma akatoa funguo, wakaubinua mkokoteni wakammwaga chini, wakafungua ghala, wakaitoa kahawa wenyewe, wakapakia na kuondoka. Na wanaume wamesimama kundi zima wanatazama tu, kimya, midomo wazi. Jina lake alikuwa Thomas Boylston, ndugu wa upande wa mama yake John, kwahiyo Abigail alikuwa anamsimulia mumewe habari za mtu ambaye ni kama mjomba wake.

Ila sasa usije ukamuweka Abigail upande wa wale wanawake moja kwa moja, maana muda si mrefu na yeye anaingia kwenye biashara, na anauza bidhaa adimu kwa bei ya uadimu. John akiwa Ulaya anatakiwa amtumie hela za matumizi, na mama akapiga hesabu akaona ukituma hati ya malipo inapoteza thamani njiani, bora unitumie mzigo. Leso, riboni, vitambaa, chai, vitu vidogo vyepesi ambavyo meli ikifika salama unavipiga bei nzuri. Mwaka 1780 John akapanga na kampuni ya Gardoqui kule Bilbao, Hispania, iwe inamtumia mkewe bidhaa, baadaye mizigo ikatoka pia Amsterdam, na Abigail anauza kwa kupitia ndugu na marafiki ili jina la mke wa balozi lisikae mlangoni mwa duka. Meli nyingine zilikamatwa na Waingereza, hasara, anaendelea. Mei 1780 anamjibu mzee, ambaye alikuwa anaviita hivyo vitu upuuzi wa urembo, kwamba upuuzi kidogo unahitajika ili mtu afanane na watu wengine duniani. Na upuuzi huo ndio uliokuwa unalipa kodi ya shamba.

Kumbuka kisheria hizi hela hazikuwa zake hata senti. Sheria waliyoirithi Uingereza ilisema mwanamke akishaolewa mali yake ni ya mume, nukta. Ndio maana 1782 aliponunua ardhi Vermont, kwenye kitongoji kinaitwa Salem, utaratibu ulikuwa kila mtu ekari 330, na yeye akachukua fungu la John na mafungu ya watoto wote wanne, jumla ekari 1,650, jina lake halimo popote wakati dili lote ni lake. Huko ni porini kabisa na Vermont bado hata haijawa jimbo. John akajibu Oktoba kwa kifupi sana, usijiingize tena kwenye mambo ya Vermont. Hiyo sentensi nimecheka, unaweza kuisikia sauti yake.

Kichekesho ni kwamba mzee ndiye mgonjwa wa ardhi kuliko mtu yeyote, ila ardhi ya kwao. 1783 anamwandikia Dk. Cotton Tufts, mjomba wa Abigail aliyekuwa anawasimamia mali, kwamba nia yake ni kuikumbatia Braintree kwa mikono yote miwili. Kinamasi, kichaka, kilima cha mawe, yeye anunuliwe tu. Unawajua hawa watu, ni kama wazee wetu ambao hela yoyote ikiingia jibu ni kiwanja, na kiwanja chenyewe kinakaa miaka 20 kinaota majani. Desemba mwaka huohuo Abigail anamwambia kwa upole kwamba kuna njia ya kuweka hela yenye faida kuliko kununua mashamba, nayo ni hati za deni la serikali, na kwamba hata Dk. Tufts kauza shamba ili anunue hizo.

Hapa ndipo akili ya mama inapoonekana. Hati hizo, sisi tungeziita hatifungani, zilikuwa zinauzwa chini sana ya thamani iliyoandikwa juu yake kwasababu hakuna aliyeamini serikali italipa. Lakini riba ilikuwa inahesabiwa kwenye thamani iliyoandikwa! Ukinunua hati ya dola 100 kwa dola 25, riba ya asilimia 6 inakuletea dola 6, yaani umeweka 25 unapata 6 kila mwaka, asilimia 24, na siku serikali ikitengemaa unalipwa 100 nzima. Shamba gani la mawe la Braintree litakupa hivyo? Basi akiwa London kuanzia 1785, mume akiwa balozi, anamwandikia Tufts anunue, anunue tena, na kuna fungu lake mwenyewe analiita hela zake za mfukoni ambalo anataka litunzwe peke yake.

Lakini jiulize nani alikuwa anauza kwa bei ya kutupa. Sehemu kubwa ni askari. Walipigana miaka, wakalipwa karatasi, wakarudi nyumbani na madeni na njaa, wakaziuza kwa robo au chini ya hapo. Halafu jimbo la Massachusetts likapandisha kodi, likitaka pesa ngumu, yaani sarafu na si makaratasi, ili lipate kulipa riba kwa wenye hati, na waliotakiwa kulipa kodi hiyo ni pamoja na walewale askari waliokwisha kuziuza. 1786 wakulima wakachoka, wakazifunga mahakama, mmoja wa viongozi wao Daniel Shays ambaye alikuwa kapteni kwenye vita ya uhuru.

Januari 1787 Abigail anamwandikia Thomas Jefferson, balozi wa Marekani aliyeko Paris, kuhusu watu hao, na lugha yake ni kali, wajinga, wasio na dhamiri. Jefferson akamjibu Februari kwamba yeye anapenda uasi kidogo mara mojamoja, ni kama dhoruba angani. Vitabuni wanaiweka hii kama mjadala wa falsafa ya uhuru. Mimi naona mmoja ana hati za Massachusetts kabatini na mwingine hana, tena huyo mwingine mwenyewe ana madeni ya kutosha kwa wafanyabiashara wa Uingereza. Sisemi ni unafiki, nasema soma barua na huku umeshika daftari la hesabu.

Hamilton alipoleta ripoti yake ya kulipa madeni ya serikali Januari 1790, hoja kubwa ilikuwa hiyohiyo, alipwe nani, askari aliyeuza hati au aliyeinunua. James Madison, mbunge wa Virginia, akasema tuwakumbuke wamiliki wa mwanzo, askari wapate sehemu yao, kura zikapigwa Februari akashindwa 36 kwa 13. Aliyeshika hati siku hiyo ndiye analipwa. Wenye zile noti za makaratasi wakapewa dola 1 kwa kila 100. Wenye hatifungani wakaneemeka, na familia ya Adams ilikuwemo, mzee mwenyewe akiwa makamu wa rais.

Januari 1816 Abigail akaandika wosia, ambao kisheria mke hakuwa na haki ya kuuandika. Watoto wa kiume waliobaki aliwapa kidogo, vingine karibu vyote, pesa, hisa na nguo, akawagawia wanawake, wajukuu wa kike, watoto wa kike wa ndugu zake, watumishi wa kike. Akafariki Oktoba 1818. John angeweza kuichana ile karatasi na hakuna mahakama ambayo ingemuuliza, ila aliwalipa wote kama mkewe alivyoandika.