Siku moja mezani kwangu: gemu za mtumba, Mwanga Kigoma

Saa 2 asubuhi. Nafungua, nafagia, nawasha TV chogo kuona umeme wa leo umeamkaje. Kuna wanaonicheka kwamba bado nimeng'ang'ania chogo wakati flati zimejaa mjini. Wacheke tu, mchana watakuja wenyewe.

Saa 3. Bodaboda ananishushia boksi kutoka stendi, mzigo wa Kariakoo. Ndani kuna PS2 nne, yaani PlayStation 2, mashine za gemu za Sony, zilizoviringishwa kwenye mashuka, pad za kuchezea zimesokotana na waya za AV, zile za picha na sauti. Muuzaji alishaniambia kwenye simu, "Zote safi kaka, zinawaka." Zinawaka kwa umeme gani, hakusema.

Kwa hiyo hakuna kuchomeka kitu kwanza. Nageuza kila mashine, nafuta vumbi kwenye lebo, nasoma namba inayoanza na SCPH. Kwenye PS2, tarakimu mbili za mwisho ndizo zinazotaja kwao: 00 ni Japani, 01 Marekani, 03 Uingereza, 04 nchi nyingine za Ulaya. Leo nina 30003, 39001, 50000 na 70004.

Ile 30003 haina shida, imetengenezewa umeme kama wetu. 50000 ni ya volti 100 na 39001 ni ya volti 120. Zichomeke kwenye ukuta wetu wa volti 230 uone moshi. Hizo mbili naziandika kwa maka pen nyekundu juu kabisa, na haziondoki hapa bila transfoma ya kushusha umeme. 70004 ni ile nyembamba, adapta yake iko nje na inatoa volti 8.5. Hapo lebo ya kusoma ni ya adapta pia, maana mtumba huja na adapta ya redio na mtu anaapa ndiyo yake.

Saa 4 na nusu. Kujaribu. PS2 nene ina swichi nyuma. Ukiiwasha, taa nyekundu inakaa mbele, ukibonyeza inakuwa kijani. Watu wengi huishia hapo na kusema ni nzima. Mimi naweka diski mbili, moja yenye tumbo la bluu, nyingine ya fedha. Ya bluu ni CD, ya fedha ni DVD, na lenzi iliyochoka inaweza kusoma moja ikaikataa nyingine. 30003 inacheza ya fedha vizuri, nikiweka ya bluu inakwaruza, inatafuta, mwisho skrini nyekundu. Nafungua skrubu, napitisha pamba yenye spiriti kidogo kwenye lenzi. Inasoma. Inaomba kuwekewa saa upya kila ikiwashwa, kwa hiyo betri ya CR2032 nayo nabadilisha.

Saa 7. Ugali wa muhogo na mgebuka. Simu nimeizima.

Saa 8. Anaingia mzee mmoja na mjukuu wake, wamebeba gemu ya kaseti za njano na bunduki yake ya kuchezea, zile nakala za Famicom ya Nintendo ya mwaka 1983. Kaseti imeandikwa gemu 9999999, ukweli ni chache zinazojirudia kwa majina mapya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hii bunduki imekufa. Mtoto anapiga bata, hafi hata mmoja."

"Nyumbani mna TV gani?"

"Flati. Mpya kabisa."

Nachomeka kwenye chogo, mjukuu anapiga, bata anaanguka. Mzee ananitazama kama nimefanya kiini macho. Namweleza: ukivuta kifyatulio, skrini inakuwa nyeusi, halafu mahali alipo bata panatokea kiboksi cheupe. Bunduki haitoi kitu, ina jicho linalosubiri mwanga huo papo hapo. Flati huchelewesha picha, jicho linakosa. Anauliza bei ya chogo. Haya, mliokuwa mnacheka?

Saa 10. Kijana mwenye banda la gemu Ujiji anaitaka ile 39001. Tunaijaribu kwenye TV yake ya zamani aliyokuja nayo, picha inatoka nyeusi na nyeupe. Anadhani waya, anataka kubadilisha. Waya mzima, mashine inatuma NTSC, mfumo wa picha wa Marekani, TV yake inajua PAL tu, mfumo wa Ulaya. Napekua menyu ya TV, hakuna pa kubadilisha. Anachukua 30003, na ndiyo iliyomfaa tangu mwanzo, maana CD zake zote ni za PAL.

Saa 12 jioni. Nampigia mtu wa Kariakoo: mzigo ujao nipige picha lebo za chini kabla ya kufunga. Anakubali, kisha ananiambia amepata Mega Drive, mashine ya gemu ya Sega.

"Ya kwanza au ya pili?" Nauliza kwa sababu adapta ya ile ya kwanza ina hasi katikati ya plagi, ya pili ina chanya.

"Nyeusi."

"Zote nyeusi, kaka. Igeuze usome."