Kalkulasi ya muhula wa kwanza

Mtu aliyesoma mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) huingia chuo kikuu akiwa na kanuni za kutafuta mteremko wa mchoro kichwani, kwa hiyo kilichonisisimua katika kalkulasi (hisabati ya mabadiliko) ya muhula wa kwanza ni kuulizwa kwa nini kanuni hizo ni kweli. Mhadhiri alianza na x ya kipeo cha pili: akaiongezea x kiasi kidogo h, akatoa thamani ya awali, akagawanya kwa h, na ubaoni ikabaki 2x + h, ambayo h inapokaribia sifuri hutoa 2x, jibu lile lile tulilokariri sekondari.

Lakini ukitazama vizuri, h hairuhusiwi kuwa sifuri wakati wa kugawanya, kisha mwishoni inaachwa kana kwamba ni sifuri. Askofu George Berkeley alilipinga jambo hili kwa maandishi mwaka 1734, na haikuwa hadi karne ya 19 ndipo wanahisabati Cauchy na Weierstrass walipoweka maana kamili ya kikomo, yaani thamani ambayo hesabu huikaribia h inapokaribia sifuri. Maana hiyo, pamoja na epsiloni na delta zake (herufi za Kigiriki zinazowakilisha umbali mdogo), ndiyo iliyotutoa jasho kuliko mada nyingine yoyote (hata wale waliotoka sekondari na alama A).

Eneo chini ya mchoro tulilipitia haraka kwa sababu mitihani ilikaribia. Kwa maoni yangu, mazoezi ya kanuni ya mnyororo (ya kutafuta mteremko wa fomula iliyo ndani ya fomula nyingine) yangepunguzwa ili mada hiyo ipewe muda zaidi.