"Were" au "was" baada ya "if"?

Juzi nilikuwa nikisahihisha barua ya mpwa wangu ya kuomba nafasi ya masomo, nikakuta ameandika "If I was", nami kwa mazoea ya shuleni nikaikata na kuandika "If I were". Akaniuliza: "Mjomba, kwa nini 'were' iende na mtu mmoja?" Nilikwama, kwa kuwa kanuni hiyo niliikariri bila kuielewa.

Nilipochunguza nilitambua kwamba "were" hiyo si ya wingi, bali ni masalia ya hali ya dhanio ("subjunctive", umbo la kitenzi la kusemea mambo ya kudhania tu) ya Kiingereza cha zamani, na kwamba "was" nayo imetumika mahali hapo kwa karne kadhaa. Tofauti yake leo ni ya urasmi zaidi kuliko ya usahihi. Ukiondoa "if", hata hivyo, uhuru huo unakwisha: huandikwa "Were I rich", wala si "Was I rich", ambalo msomaji atalidhania swali.

Kosa lililonishtua zaidi lilikuwa langu mwenyewe. Kiswahili hurudia kiambishi pande zote mbili, "ningalijua ningalikuja", na kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika "If I would have known, I would have come", ilhali Kiingereza sanifu hutaka "If I had known", au "Had I known", katika sehemu ya kwanza.

Katika barua tumeiacha "were", kwa kuwa inakwenda ofisini. Ujumbe wake wa simu sitausahihisha tena.