Mkono wa shangazi na mishipa ya limfu

Tangu shangazi yangu aondolewe tezi za kwapani katika upasuaji wa saratani ya titi, mkono wake wa kulia huvimba, na ukiubonyeza kwa kidole kishimo hubaki kwa muda kabla ngozi haijajaa tena. Kila jioni namfunga bendeji kuanzia vidoleni kwenda juu, nikikaza zaidi upande wa kiganja, ili majimaji yasukumwe kuelekea begani. Uvimbe hupungua, lakini njia iliyokatwa hairudi, na ndiyo maana ninafuatilia kwa shauku juhudi za kuunda upya mishipa ya limfu, yaani mirija midogo inayoyarudisha majimaji ya mwilini kwenye damu.

Mwaka 1996 maabara ya Kari Alitalo jijini Helsinki ilieleza protini ya VEGF-C, inayochochea mishipa hiyo kuchipua. Baadaye madaktari wa Ufini walijaribu kuunganisha jeni ya protini hiyo na tezi zilizohamishwa kutoka sehemu nyingine ya mwili wa mgonjwa mwenyewe hadi kwapani. Nchini Marekani, kumebuniwa nyuzi nyembamba za kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, zinazopandikizwa chini ya ngozi, nazo seli huzifuata kama mmea utambaao ufuatavyo kamba.

Ugumu ni kwamba mishipa mipya huhitaji vali, la sivyo majimaji hurudi nyuma. Tena kichocheo hichohicho chaweza kuipa saratani njia ya kusambaa, kwa hiyo naona madaktari wana haki ya kwenda polepole. Natamani sana utafiti huu uwafikie pia wagonjwa wa matende wa pwani yetu, ambao mishipa yao imeharibiwa na minyoo.